Kadi Imesema Sare

MGENI MWALIKWA: Kadi yenu nimeipata, mwenyekiti, na nashukuru. Mchango wangu elfu hamsini nilitoa tangu mwezi uliopita, mweka hazina ni shahidi. Lakini chini ya kadi, baada ya jina la ukumbi na saa 12 jioni, mmeandika: "Sare: lesi ya zambarau, inapatikana kwa kamati." Hamkusema kama ni ombi au ni sharti. Nauliza sasa hivi ili nisije nikaulizia mlangoni. Nisipovaa lesi ya zambarau, nimealikwa au sijaalikwa?

MWENYEKITI WA KAMATI: Umealikwa, mdogo wangu, na hakuna atakayekurudisha. Ila kicheni pati si mkutano wa hadhara, kila mtu aje alivyotoka nyumbani. Tunamfunda mwali na tunamtoa. Wanawake sitini wakisimama ukumbini na rangi moja, mwali akiinua macho anaona kwamba ana watu. Sasa wewe ukija na kijani, huyu nyekundu, yule madoadoa, watu watakuwepo lakini hawataonekana kuwa ni wake.

MGENI MWALIKWA: Nina gauni la bluu iliyokolea. Linapita goti, mikono robo tatu, nilishona kwa ajili ya sendofu ya mwenzetu kazini mwaka juzi. Halijapauka, halinibani. Nikilivaa na hereni zangu na skuna fupi nafanana na mtu aliyejiandaa. Kwa shughuli ya jioni ya wanawake, isiyo ya ofisini wala ya ikulu, kinatakiwa nini zaidi?

MWENYEKITI WA KAMATI: Gauni ni zuri, sina neno nalo. Lakini hilo ulishona kwa ajili ya mwenzako. Kwa huyu mwali wetu umeshona nini?

MGENI MWALIKWA: Kwa huyu nimetoa mchango.

MWENYEKITI WA KAMATI: Mchango ni wa chakula na ukumbi. Sare ni ya kusema nipo.

FUNDI CHEREHANI: Naombeni niingie hapo kabla hamjafika mbali, maana kitambaa kikitoka kwa kamati safari yake inaishia kwangu. Mimi nakula kwa sare, siwezi kuficha. Mwezi wa 12 sare ndizo zinazolipa pango la kibanda changu. Lakini mnaijua lesi? Lesi ina matundu, haivaliki bila bitana, na kamati nyingi zinagawa lesi tupu. Mteja akishalipa mita zake tatu anarudi dukani kutafuta bitana ya rangi ileile. Akiikosa ananiletea nyeusi, na zambarau juu ya nyeusi inazama, kwenye taa za ukumbini inaonekana kama kahawa. Halafu kuna suala la mwili. Mita tatu zinamtosha mwanamke mwembamba na kitambaa kinabaki. Mama mwenye nyonga pana anayetaka gauni refu, mkia wa samaki, hazimfikishi. Amelipa bei ileile na anatoka na gauni fupi ambalo hakulitaka.

MWENYEKITI WA KAMATI: Si anaongeza mita moja?

FUNDI CHEREHANI: Anaongeza na hela yake.

MGENI MWALIKWA: Ngoja niweke hesabu mezani, kwa sababu tukizungumza hivi hivi naonekana mchoyo. Mchango 50,000. Lesi mita tatu, kila mita 18,000, ni 54,000. Bitana 9,000. Ufundi 35,000. Jumla 148,000, na sijagusa kichwa, sijalipa bajaji ya kunirudisha nyumbani saa 6 usiku. Mimi ni muuguzi, nina mtoto wa darasa la nne na mama yangu kijijini. Hiyo ni shughuli moja. Mwezi ujao kuna nyingine ya jirani, na nyingine ya kanisani. Na nguo yenyewe ikishatoka ukumbini haina pa kwenda. Kabatini nina sare nne: ya pichi, ya kijani, ya dhahabu na moja nyeupe ya maziwa. Nikivaa ya pichi ibadani, mtu wa benchi la nyuma anasema, "Si ile sare ya Pasaka?" Nguo nne nzima, na nikialikwa mahali bado nasema sina nguo.

MWENYEKITI WA KAMATI: Nakuelewa, tena sana. Lakini hebu tufanye unavyotaka, sare tumeifuta. Unadhani umaskini utajificha? Mwenye nazo atakuja na gauni la Dubai, dhahabu hadi kiwiko. Mama muuza maandazi wa mtaani kwetu, aliyemlea mwali tangu anatambaa, atakaa anaangalia vidole vyake vya miguu. Sare inawafunika wote. Nimeona kwa macho yangu meneja wa benki na mama ntilie kwenye meza moja, nguo moja, huwezi kujua nani anamkopesha mwenzake.

MGENI MWALIKWA: Fundi, ni kweli huwezi kujua?

FUNDI CHEREHANI: Najua nikiwa bado nje ya geti. Kitambaa ni kimoja, mshono si mmoja. Huyu wa benki lesi yake imetiwa shanga kwa mkono kifuani, zipu imefichwa ubavuni, bitana ni ya satini. Yule mwenzake kashonewa na jirani asiye na ovaloki, na lesi ukiikata tu inaanza kufumuka. Kufika saa 3 usiku, akinyoosha mkono kupokea sahani, nyuzi zinachomoza kwapani. Amekaa meza moja na mwenzake, ndiyo, lakini mkono wake mmoja umebana ubavu usiku kucha. Nimewaona. Mkitaka kweli kuwasitiri watu, gaweni kitenge. Kitenge ni kizito, hakihitaji bitana, na makosa ya fundi kinayameza. Pande la yadi 6 linatoa magauni mawili ya kawaida, kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kugawana. Na baada ya shughuli kinavaliwa sokoni, hospitali, msibani, popote. Ila mnunuzi akigeuze kwanza: kitenge kizuri cha nta rangi inapenya pande zote mbili, ukikiweka kinyume huoni tofauti. Kikiwa nyuma kimepauka kama kimefuliwa mara ishirini, hicho baada ya mafuo machache ni tambara.

MWENYEKITI WA KAMATI: Kitenge kila mtu anacho. Wamama wa siku hizi wanasema kitenge ni cha mchana.

SOMO: Wanaosema hivyo hawajakaa na sisi. Nyie mnagombania mita, mimi nina swali jingine, na mnivumilie kwa sababu ni la zamani kidogo. Sare ni ya nani? Mimi mzaliwa wa Unguja, Ng'ambo. Bibi yangu alikuwa mcheza lelemama. Vikundi vya lelemama vilikuwepo Unguja, vilikuwepo Mombasa, vilikuwepo Lamu, na vilishindana kwa mavazi kuliko kwa ngoma yenyewe. Kikundi hiki kikitoka na kanga mpya, kile kinajibu na mpya zaidi. Bibi alikuwa akisimulia kwamba wenye duka walikuwa wakibembelezwa wasitoboe siri ya rangi. Kwa hiyo sare si kitu kilicholetwa juzi na wapiga picha. Lakini sikilizeni vizuri: sare ilikuwa ya wanachama. Umejiunga kwa hiari yako, unalipa kwa hiari yako, unavaa kwa sababu wewe ni wa kikundi. Aliyekuja kutazama alikuja na nguo yake, akapewa mkeka, akapewa kahawa. Hakuna aliyemuuzia mgeni sare.

MWENYEKITI WA KAMATI: Somo, kwa heshima zote, Ng'ambo mlikuwa na mitaa yenye koo nzima ndani yake. Hapa Dar es Salaam mwali wetu ana shangazi mmoja, yuko Songea, na hatafika. Mama zake ni hawa wa kazini, wa jumuiya, wa kikoba, wa geti la pili. Ukisema sare ni ya wenye shughuli peke yao, ukumbi mzima utakuwa na watu watano wenye sare. Mimi ninapomwandikia muuguzi huyu "sare", namwambia: leo wewe si mgeni, wewe ni wa nyumba hii.

MGENI MWALIKWA: Wa nyumba hii anauziwa kitambaa?

MWENYEKITI WA KAMATI: Wa nyumba hii ndiye anayebeba mzigo wa nyumba hii.

MWANDISHI: Hapa lazima niingilie. Jambo hili halitusumbui sisi peke yetu. Wayoruba wa Nigeria wana aso ebi, nguo ya ukoo, ambayo leo inauzwa kwa marafiki na wafanyakazi wenza, na manung'uniko yake ni haya haya ya hapa. Mimi hoja ya mwenyekiti inanigusa: mjini undugu unajengwa, na nguo moja ni njia mojawapo ya kuujenga. Lakini undugu unaojengwa hivyo haukwepi maswali ya fedha. Kwa hiyo nauliza. Mwenyekiti, lesi hii kamati ilinunua kwa bei gani?

MWENYEKITI WA KAMATI: Kariakoo, kwa jumla.

MWANDISHI: Kwa bei gani?

MWENYEKITI WA KAMATI: Elfu kumi na mbili kwa mita.

MGENI MWALIKWA: Mnatuuzia 18,000.

MWENYEKITI WA KAMATI: Ndiyo. Na sitaona haya, kwa sababu hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwangu. Waliotoa ahadi ni wengi, waliolipa ni nusu. Ukumbi unataka malipo kabla, mpambaji anataka malipo kabla, mshereheshaji naye. Ziada ni elfu sita kwa mita, kwa mita tatu ni elfu kumi na nane; ukizidisha kwa wanawake sitini unapata 1,080,000. Ndiyo ya kulipa mapambo na mshereheshaji. Mlitaka nimwambie mwali shughuli haipo?

MGENI MWALIKWA: Nilitaka uniambie mimi. Ungesema, "Jamani, tumepungukiwa milioni moja, mwenye elfu kumi aongeze," ningeongeza. Wengi wangeongeza. Sasa umenitoza mara ya pili ukaniita ndugu, na aliyekataa kutoa ahadi tangu mwanzo hukumtoza hata mara moja. Aliyelipa ndiye analipishwa tena.

FUNDI CHEREHANI: Na pale penye elfu sita ya ziada kwa kila mita, palikuwa na nafasi ya bitana.

SOMO: Mwenyekiti, mwanangu, usikunje uso. Fedha umezitumia kwa mwali, tumesikia. Lakini jambo lililofichwa likifichuka ukumbini, mwali ndiye anayebaki na aibu. Wewe utarudi kwako.

MWENYEKITI WA KAMATI: Nimekubali hilo, somo. Bei ilitakiwa isemwe. Lakini msitumie bei kuiua sare yenyewe. Ni vitu viwili.

MGENI MWALIKWA: Basi tuache bei. Tuseme sare ni ya bure, mnagawa mlangoni. Bado nina neno. Nchi hii wanawake wameshaambiwa cha kuvaa kiasi cha kutosha. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana hapa hapa Dar es Salaam: sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walishavamiwa Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. Mimi nikisikia mtu mzima anaandikiwa kwenye kadi kitambaa, rangi na mahali pa kununua, nashtuka kidogo.

MWENYEKITI WA KAMATI: Hapo umenionea. Wale walimsimamisha mwanamke barabarani wakamtukana. Mimi nimemwandikia kadi nikamkaribisha pilau. Unanifananisha na wale?

MGENI MWALIKWA: Sikufananishi. Nasema mazoea yanaanza kidogo kidogo. Kwenye shughuli iliyopita sikuwa na sare. Hakuna aliyenifukuza, ni kweli. Nilipelekwa meza ya mwisho, karibu na spika. Mshereheshaji akaita, "Wenye sare wote, tumpokee mwali!" Wakasimama, wakacheza kuelekea mlangoni, na sisi sita wa meza ya nyuma tukabaki tumekaa na soda zetu. Mwali alipita hatua tatu kutoka kwangu bila kuniona.

SOMO: Hilo ni baya.

MWENYEKITI WA KAMATI: Ni baya. Lakini mshereheshaji anaita wenye sare kwa sababu sitini hawawezi kucheza mlangoni wote, lazima utenge.

MGENI MWALIKWA: Tenga kwa umri. Tenga kwa waliomlea. Yule muuza maandazi uliyemtaja ndiye angetangulia mbele ya wote, hata kama kavaa dera.

SOMO: Nami niongeze la historia, kwa kuwa mmefungua. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Mtumwa alikuwa anajulikana kwa nguo: kaniki, na merikani isiyotiwa rangi. Wanawake walipopata uhuru wao, moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kuiacha kaniki na kujinunulia kanga, doti nzima, yenye rangi na pindo, kila mmoja ile aliyoipenda. Kabla hawajawa na nyumba walikuwa na kanga. Kwa hiyo mwanamke wa pwani anapochagua nguo ya kutokea jioni, msimwone mpuuzi. Anafanya jambo ambalo waliomtangulia waliligharimia. Ndiyo maana nasema mwachieni achague.

MWENYEKITI WA KAMATI: Somo, hao hao waliojinunulia kanga ndio waliokuja kuunda vikundi wakavaa sare za lelemama. Walipopata uhuru wa kuchagua, walichagua kufanana.

SOMO: Walichagua. Neno ni hilo hilo, mwanangu.

MGENI MWALIKWA: Nina jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha uuguzi alifanya kicheni pati. Mchango nilitoa. Sare ilikuwa lesi ya dhahabu, sikuwa na uwezo, mama alikuwa amelazwa. Siku ya shughuli nilitengeneza nywele, nikatoa gauni, nikalipiga pasi, nikakaa kitandani nikilitazama. Nikamtumia ujumbe kwamba naumwa malaria. Kesho yake, Jumapili saa 4 asubuhi, nasikia hodi. Ni yeye. Hina bado mbichi mikononi, amebeba hotipoti ya pilau aliyoniwekea usiku ule. Akanikuta uani nafua. Hakusema kitu. Aliweka hotipoti juu ya ndoo, akanikumbatia, akaondoka. Hadi leo tunasalimiana vizuri, lakini hajawahi kunialika tena. Simlaumu. Kilichonifungia ndani siku ile hakikuwa malaria, kilikuwa mstari mmoja kwenye kadi.

MWENYEKITI WA KAMATI: Pole, mdogo wangu. Kweli, pole.

Na mimi niseme langu, usidhani nagawa lesi kwa sababu napenda picha. Mimi niliolewa baba ameshafariki, mama yuko mbali, upande wa mume wamejaa wao. Siku yangu nilijua nitaingia ukumbini peke yangu na somo wangu. Mlango ukafunguliwa, nikakuta wanawake sita wa kwaya yetu wamepanga mstari, vitenge vya rangi moja, vya bei nafuu, wamechangishana bila kuniambia. Sita tu. Wakanipokea wakicheza. Upande wa mume wakageuka wakaulizana, "Hao ni nani?" Mmoja akawajibu, "Ni ndugu zake." Nikilala usiku nikiikumbuka ile sauti, mpaka leo machozi yananitoka. Ndiyo maana kila nikipewa uenyekiti natafuta sare. Nataka kila mwali asikie neno lile.

SOMO: Sita, na walijichangisha wenyewe.

MWENYEKITI WA KAMATI: Walijichangisha wenyewe. Nimeisikia, somo.

Haya. Lakini nyie mnaoiondoa sare, niambieni kadi iandike nini. "Vaeni vizuri"? Nikiandika hivyo atakuja mmoja na gauni la harusi, mwingine na kijora cha kupikia. Wanawake wananipigia simu siku nzima: nivae nini, nivae nini. Sare ilikuwa inajibu swali hilo kwa neno moja.

SOMO: Andika rangi. Sema zambarau au chochote chenye mguso wa zambarau: mtandio, kilemba, kanga kiunoni, hata ua kwenye nywele. Mwenye gauni la bluu ataweka mtandio na picha yako itatoka. Na andika rangi ya mwali ni ipi, ili watu waiache. Hilo ndilo sharti pekee la mgeni wa kike tangu enzi: usimzidi mwenye siku yake. Kama mwali atavaa dhahabu, mgeni asije na dhahabu kuanzia kichwani hadi viatuni. Mengine yaacheni kwa akili ya mwanamke.

FUNDI CHEREHANI: Na mimi nawaambia wateja wangu hivi: usishonee kioo, shonea shughuli. Kwenye kicheni pati unakaa saa nne, unakula kwa mkono, unaimba, na rusha roho ikipigwa unainuka hata kama ulisema leo huchezi. Nikimaliza gauni sikukabidhi umesimama. Nakukalisha kwenye stuli yangu pale, nakwambia inua mikono yote miwili kama unapokea sinia, halafu inama kama unaokota pochi. Likikukaba shingoni, au mpasuo ukapanda mapajani, tunarudi mezani. Kifua chembamba na mabega wazi ni vizuri kwenye picha ya simu uliyoniletea, lakini yule kwenye picha amesimama tu, hajapewa sahani ya ubwabwa na kuku. Na ndani ya mshono mimi huacha kitambaa cha akiba, inchi moja kila ubavu. Mwaka ujao ukinenepa tunafungua, gauni linaendelea. Sare za haraka hazina akiba hiyo, kitambaa hakitoshi.

MGENI MWALIKWA: Na waliofunga hijabu?

SOMO: Hilo nilikuwa nasubiri lisemwe. Kwetu, kwenye kupamba, mwanamke anatoka nyumbani na buibui lake, ndani amevaa atakavyo, nywele zimetiwa asmini, mikono imechorwa hina. Anavua kwa sababu anajua hakuna mwanamume, na simu hazipigi picha. Hapa mnaandika "wanawake tu" halafu muziki anapiga kijana, mshereheshaji mwanamume, wapiga picha wawili wanaume, na video inakwenda kwenye simu za watu kabla pilau halijaisha. Sasa mwanamke yule avae nini? Akivaa ya ndani ataonekana na mtaa mzima. Kadi iseme ukweli huo pia: kama wanaume watakuwemo, andikeni, kila mtu ajipange.

MWENYEKITI WA KAMATI: Wapiga picha tumepata wa kike. Muziki bado ni kijana, sikupata mwingine. Nitaandika.

MGENI MWALIKWA: Na sare utaandika vipi?

MWENYEKITI WA KAMATI: Kadi zimeshagawiwa nusu. Lesi nimeshanunua mita 180, na waliolipia ni wanawake 22. Nikisema leo sare si lazima, nani atanunua zilizobaki? Mwenye duka hapokei kitambaa kilichokatwa.

MWANDISHI: Mita 180 kasoro 66. Zimebaki 114.

FUNDI CHEREHANI: Ziuze 12,000, zitakwenda. Hata mimi nachukua kumi za kushonea watoto.

MWENYEKITI WA KAMATI: Nikiziuza 12,000 nitalazimika kuwarudishia waliolipa 18,000. Na mapambo nimeshatanguliza fedha.

MGENI MWALIKWA: Warudishie, halafu utuambie pengo ni kiasi gani. Elfu ishirini yangu nyingine iko hapa. Iandike kwenye daftari kama nyongeza ya mchango, siyo sare.

MWENYEKITI WA KAMATI: Nitaipokea. Na kwenye kadi zilizobaki nitaandika: "Rangi: zambarau. Atakayependa sare, ipo." Kwa waliokwisha kupata kadi nitapiga simu mmoja mmoja. Lakini meza mbili za mbele na kumpokea mwali mlangoni ni za wenye sare. Hapo sirudi nyuma. Wamegharamika, na mimi nataka mwali auone ule mstari.

MGENI MWALIKWA: Muuza maandazi je?

MWENYEKITI WA KAMATI: Sare yake nalipia mimi, pamoja na bitana.

MGENI MWALIKWA: Basi mimi nitakuja na la bluu, na mtandio. Nitakaa nyuma, ila safari hii mshereheshaji akiita nitasimama.

MWENYEKITI WA KAMATI: Simama.

FUNDI CHEREHANI: Shughuli ni Jumamosi tarehe 28. Vitambaa napokea mpaka tarehe 12, pamoja na bitana yake. Atakayeniletea lesi tarehe 25 usiku na picha ya kwenye simu, nitamrudishia lesi yake.